Mali bila Daftari: Mita za Umeme katika Maghala ya Mengo



Tarehe 1 Aprili 2025 kazi ya kusambaza umeme katika sehemu kubwa ya Uganda ilirudi mikononi mwa shirika la umma, UEDCL, baada ya kampuni ya Umeme kumaliza mkataba wake wa miaka 20. Katika mazungumzo juu ya jambo hilo, wengi walizungumzia bei na fidia. Wachache waliikumbuka mita, kile kisanduku kidogo kilichopigiliwa ukutani. Hata hivyo, historia ya Kampala, na hasa ya mtaa wa Mengo, yatufundisha kwamba dhuluma nyingi katika umeme huanzia pale watu wengi wanapotumia mita moja. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mita ndiyo daftari la umeme.

Umeme ulianza kuuzwa Kampala na Entebbe katika miaka ya 1930 na Kampuni ya East African Power and Lighting, iliyokuwa na makao yake Nairobi. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliunda Bodi ya Umeme ya Uganda, UEB, chini ya uongozi wa Charles Westlake. Na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, Jinja. Lakini Kampala ya wakati huo ilikuwa miji miwili. Upande mmoja ulikuwa mji wa wakoloni, kwenye vilima vya Nakasero na Kololo. Upande wa pili ulikuwa Kibuga, chini ya serikali ya Kabaka iliyokaa Mengo. Ardhi ya Kibuga ilikuwa ya mailo, kufuatana na Mapatano ya mwaka 1900, na wenye viwanja walijenga vyumba vya kupangisha kwa wageni waliomiminika mjini kutafuta kazi. Miji hiyo miwili haikuwekwa chini ya halmashauri moja mpaka mwaka 1968.

Palipofika waya wa umeme, desturi ilikuwa kufungua hesabu moja kwa jina la mwenye jengo. Mpangaji hakujulikana na shirika la umeme. Alijulikana na mwenye jengo tu. Nyumba ikiwa na watu watano na taa tano, desturi hiyo haileti matata makubwa. Matata yalizuka majengo yalipogeuka kuwa maghala na karakana, kama ilivyo Kisenyi, chini ya kilima cha Mengo, mahali panapojulikana kwa vinu vya mahindi, maghala ya nafaka na mafundi wa chuma.

Tuchukue mfano. Ghala moja lina wapangaji watatu. Wa kwanza anaweka magunia ya maharagwe, naye ana taa mbili za wati 60, zinazowaka saa 10 kwa siku. Kwa siku 30 atatumia uniti 36. Wa pili ana jokofu linalotumia uniti 5 kwa siku, yaani 150 kwa mwezi. Wa tatu ana kinu chenye mota ya kilowati 15, inayofanya kazi kwa nguvu zake zote saa 8 kwa siku, siku 26 za mwezi. Huyo atatumia uniti 3,120. Jumla ni uniti 3,306. Mwenye ghala akigawanya bili kwa tatu, kila mmoja atalipia uniti 1,102. Mwenye maharagwe atakuwa amelipa zaidi ya mara 30 ya haki yake, na mwenye kinu atakuwa ameponea migongoni mwa wenzake. Hapo hapakuibwa waya wala hapakuvunjwa kufuli. Lakini je, tuuite usawa?

Ulimwengu ulikwisha kulitambua jambo hili mapema. Thomas Edison, alipoanza kuuza umeme New York mwaka 1882, alitumia mita iliyokuwa na mabamba ya zinki ndani ya maji ya dawa. Mabamba hayo yalipimwa uzito ili kujua mteja ametumia kiasi gani. Baadaye ikaja mita yenye kisahani cha alumini kinachozunguka kwa kadiri ya umeme unaopita, nayo ndiyo iliyotumika majumbani kwetu kwa miaka mingi. Mita hiyo haikuuliza mtu kabila lake wala cheo chake. Ilihesabu tu.

Kumpa kila mpangaji mita yake si kazi ya kupigilia visanduku ukutani. Hapana budi nyaya za kila chumba zitengwe kabisa tangu kwenye swichi kuu, na kila mmoja awe na swichi yake ya kukata umeme. Waya wa chumba kimoja ukichanganywa na wa chumba kingine baada ya mita, hesabu zote mbili zimeharibika. Taa za ujia na za ulinzi nazo zataka mita ya mwenye jengo, zisije zikamwangukia mpangaji mmoja. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni. Aidha, mwenye jengo anayefunga vijimita vyake mwenyewe, kisha akauza uniti kwa bei anayoitaka, amejigeuza mlanguzi. Maana chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 1999, kuuza umeme ni shughuli ya leseni.

Katika nyumba za kuishi hasara ya mpangaji ni kubwa vilevile. Kwa miaka mingi sasa wateja wa majumbani wamekuwa wakipata uniti 15 za kwanza za kila mwezi kwa bei nafuu. Nafuu hiyo huhesabiwa kwa mita, si kwa vichwa vya watu. Familia kumi zenye mita moja hugawana uniti 15. Zenye mita kumi hupata 150. Mita za kulipia kabla, ambazo watu wa Kampala huziita Yaka, zilirahisisha mambo: mtumiaji hununua namba yenye tarakimu 20, akaiingiza katika mita yake, akatumia alichokilipia. Mwaka 2005 takriban asilimia 38 ya umeme ulionunuliwa kwa ajili ya kusambazwa ilipotea njiani au kwa wizi. Kufikia mwaka 2018 hasara hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 17. Mita hazikuifanya kazi hiyo peke yake, lakini pasipo mita isingewezekana.

Ndugu wasikilizaji, tusisahau kwamba daftari huweza kupotea hata mahali lilipokuwapo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kwa muda wa siku 90, na maduka na maghala yao yakagawiwa watu wengine, wakiwamo maofisa wengi wa jeshi. Aliyeandikwa katika hesabu alikuwa amekwisha kuondoka nchini. Aliyeshika ufunguo hakuandikwa popote. Na nani angethubutu kumdai mwenye bunduki?

Juu ya kilima hichohicho cha Mengo kuna ghala jingine ambalo kila askari yafaa alione. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi liliivamia Lubiri, ikulu ya Kabaka, nayo ikageuzwa kambi. Wakati wa Amin, ndani ya uwanja wake lilikuwapo ghala la silaha la zege, lenye vyumba vilivyopangwa kando ya ujia mmoja. Vyumba vile vikawa mahabusu ya mateso. Wageni wanaopelekwa pale siku hizi huelezwa kwamba maji ya ujia yalitiwa umeme, ili mfungwa asithubutu kutoka. Lililokosa mita pale lilikuwa ni mamlaka: hayakumtolea mtu hesabu, na waliokufa hawakuandikwa.

Askari amekabidhiwa nguvu nyingi kuliko raia, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kupaswa kutoa hesabu. Askari anayevuta waya kutoka kwenye nguzo, akitumaini kwamba sare yake itamkinga, anamtwisha jirani yake mzigo wa bili. Na polisi anayeitwa kuamua ugomvi wa wapangaji asikimbilie kumkamata yule aliyeshindwa kulipa. Aanze kwa kuuliza mita iko wapi, imeandikwa jina la nani, na waya zake zinakwenda vyumba gani. Mara nyingi atamkuta mwenye maharagwe na taa zake mbili, akidaiwa umeme wa kinu.