Chungu cha Wapolandi kule Tengeru

Wengi wetu tuliokimbilia Tanzania tunajua Nyarugusu na Lugufu. Wachache njo wanajua kama miaka zaidi ya hamsini mbele yetu, nchi ile ilishapokea wakimbizi wengine kwa maelfu, na walikuwa wazungu.

Walikuwa Wapolandi. Mwaka 1939 Wajerumani waliivamia nchi yao upande wa magharibi, Warusi upande wa mashariki. Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Stalin ikapakia familia nzima nzima katika treni, ikawapeleka Siberia na Kazakhstan kufanya kazi za nguvu. Hitler alipoigeukia Urusi, Stalin akakubali kuwaachilia. Mwaka 1942 wengi wakatoka pamoja na jeshi la Jenerali Anders, wakavuka bahari ya Kaspi hadi Iran, na kutoka huko kama 18,000 wakaletwa Afrika. Karibu wote walikuwa wamama na watoto. Masindi na Koja, kule Uganda, kulikuwa kambi zao, lakini kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha: watu kama 5,000, nyumba ndogo za udongo na majani, shule, kanisa, mashamba.

Vita vikaisha mwaka 1945, lakini kurudi ikawa shida. Sehemu ya mashariki, kwao kabisa, ilikuwa imeshapewa Urusi. Wengi wakaenda Uingereza, Kanada na Australia. Tengeru limebaki kaburini lao, na makaburi kama 150.

Mtu anabeba nini akiwa amenyang'anywa yote? Anabeba mapishi. Chakula ambacho Mpolandi hasahau kinaitwa bigos: shu iliyochachushwa, nyama za aina mbili tatu, uyoga, vyote katika chungu kimoja. Mshairi wao mkubwa, Adam Mickiewicz, aliiandika katika kitabu chake Pan Tadeusz, kilichotoka Paris mwaka 1834. Yeye mwenyewe alikuwa ugenini, na hakurudi tena.

Tunaandika haya kwa sababu tukipita vijijini tunasikia wazee wakigombeza watoto waliozaliwa kambini: eti wanakataa sombe, wanataka ugali wa mahindi na njegere za PAM. Wazee, muwaache kidogo. Hata wali tunaojivunia hapa Maniema ulikuja na misafara ya Waarabu na Waungwana, kwenye njia ya Ujiji, Kabambare, Nyangwe na Kasongo. Leo nani anausema kuwa chakula cha wageni? Mtoto anayelilia njegere analilia nyumbani alikokujua.

Sasa, bigos inapikika hapa hapa. Katakata shu nyembamba. Kwa kilo moja tia kijiko kimoja cha supu cha chumvi, ukande kwa mikono safi mpaka itoe maji yake. Ishindilie katika ndoo safi, weka sahani na jiwe lililooshwa juu, maji yafunike shu yote. Iache kivulini siku tano au sita; itanuka uchachu, njo vizuri. Ikiota ukungu wa rangi, tupa.

Wapolandi wanatia nguruwe na soseji. Kwa kuwa bamama wengi wa chama ni Waislamu, mbuzi inatosha, na kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi. Kaanga nyama na vitunguu, tia shu ya uchachu na nyingine mbichi kiasi sawa, uyoga mkavu mnaoujua tangu zamani, nyanya mbili, maji kidogo. Moto mdogo, saa tatu. Tunajua makala ni bei, kwa hiyo tumieni yale yanayobaki baada ya kusonga bukari.

Wenyewe wanasema bigos ni tamu zaidi siku ya pili. Hapa hatuna frigo: ichemsheni tena kabisa asubuhi na jioni, isizidi siku hiyo ya pili. Kwa maoni yetu inaenda na wali kuliko bukari, lakini hapo hatugombani.