Nduthi Yako Utaikuta? Hivi Ndivyo Unafaa Kupaki Pikipiki Tao, Kwa Mall na Mtaani

Hii stori unaijua. Umeingia duka moja hapo Luthuli kuchukua chaja, dakika kumi tu. Ukitoka, pale uliacha nduthi kumebaki tone la oili kwa lami, na mama wa njugu anakuangalia kwa huruma. Ama uko na bahati kiasi: mashine iko, lakini kanjo ameshaipiga mnyororo na anakungoja ameegemea ukuta kama shemeji wa mahari.

Wasee wengi hudhani hizo ni bahati mbaya. Zi. Mara nyingi mambo huharibika zile sekunde thelathini ulikuwa unatafuta mahali pa kuiacha. Pikipiki si gari ndogo. Gari ukiifunga, mwizi lazima kwanza aingie ndani. Lakini nduthi ya kazi, iwe Boxer ama TVS, ina uzito wa kilo mia moja na kitu. Wanaume watatu wakishikana wanaiinua na kuitupa kwa pikapu kabla hujalipia hiyo chaja. Na kama uliichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, ikienda, deni haliendi nayo.

Kwa hivyo kama unaendesha yako binafsi, unafanya delivery, ama ndio umeingia kwa hii maisha ya magurudumu mawili, huu hapa mwongozo.

Unaweza kupaki wapi?

*Nafasi za kaunti.* Ndani ya tao kuna nafasi za kando ya barabara na kuna viwanja vya wazi kama Sunken Car Park. Hizi zinalipiwa kwa kaunti. Usiingie tu ukajitupa katikati ya nafasi ya gari kama mfalme. Angalia kwanza kama kuna kona imewekewa pikipiki. Kama hakuna alama, uliza mhudumu wa hapo akuonyeshe. Hilo swali moja linakuokoa stori mingi baadaye, juu huyo mhudumu ndiye atakutetea kanjo akija.

*Mall na majengo ya ofisi.* Mengi yameweka sehemu ya pikipiki, mara nyingi karibu na geti ama basement. Muulize soja wa getini kabla hujaingia, na umuulize pia kama inalipiwa. Kama unafanya delivery, jua kwamba kuna majengo yametenga mahali pa delivery pekee, na hapo unaruhusiwa kusimama muda mfupi tu. Ukiacha nduthi hapo ukaenda kula lunch, unawaharibia wenzako.

*Base ya boda.* Hapa kuna macho mengi, na macho ni ulinzi. Lakini base ina wenyewe, ina mwenyekiti, na wanangoja abiria kwa foleni. Usiingize yako tu katikati. Salimia, omba, na useme utarudi saa ngapi. Ukirudi, ya chai haikuui.

*Mtaani.* Kama ploti yako haina geti, tafuta maegesho ya usiku yenye mlinzi na taa. Kuacha nduthi chini ya ngazi kwa ploti kunaonekana salama mpaka siku kutatokea moto ama mgonjwa wa kubebwa, na watu washindwe kupita.

Mahali hufai kuacha hata kwa dakika moja

Ya kwanza ni njia ya wapita miguu. Najua, kila mtu hufanya. Lakini fikiria msee wa kiti cha magurudumu, ama mtu asiyeona anayefuata ukuta na fimbo yake. Akikuta nduthi yako hapo, inabidi ashuke kwa barabara ya mathree. Wewe umeokoa hatua ishirini, yeye ameweka maisha yake mbele ya basi.

Sheria nayo haichezi. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zinaweka faini ya shilingi 5,000 kwa kuendesha juu ya njia ya wapita miguu, na 10,000 kwa kuziba barabara. Na hebu niambie, utapaki vipi juu ya njia ya miguu bila kupanda nayo? Labda uibebe kwa mgongo.

Zingine za kuepuka:

- Nafasi za watu wenye ulemavu, hata kama ziko tupu siku nzima.
- Ile sehemu imechorwa mistari ya kushoto-kulia kwa sakafu. Hapo ni pa magari kugeukia ama watu kupitia.
- Mlango wa dharura, bomba la zimamoto na njia ya ambulensi.
- Katikati ya magari mawili yaliyobanana. Mwenye gari akifungua mlango, nduthi inalala. Akirudi nyuma, hakuoni kabisa.
- Juu ya vyuma vya mtaro. Stendi huingia kwa mwanya na mashine inaanguka yenyewe.

Kuna jambo lingine tao. Kaunti imewahi kufukuza boda katikati ya jiji zaidi ya mara moja, na msako ukianza hakuna anayeuliza maswali mengi. Namba za pikipiki nyingi huanza na KM, iwe ya boda ama yako ya kuendea kazi. Ukisimama pale boda wanashushia abiria, utahesabiwa boda. Tembea hizo mita mia moja, paki mahali palipowekwa.

Namna ya kuisimamisha

Hapa ndipo wengi hubahatisha. Stendi ya pembeni iko kushoto, kwa hivyo nduthi hulalia kushoto. Kama ardhi ya kushoto imeinuka, mashine itasimama wima sana na upepo tu utaiangusha kulia. Kama kushoto kumebonyea, italala kupita kiasi. Angalia ardhi kabla ya kuzima injini.

Kando ya barabara, rudisha gurudumu la nyuma liguse ukingo, pua iangalie barabara. Barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yateremke pembeni. Ukipaki hivyo, nduthi inaangalia juu, uzito unarudi nyuma kwa ukingo, na stendi haiwezi kujikunja. Kutoka pia ni rahisi, juu unaona magari yanayokuja badala ya kurudi kinyumenyume gizani.

Kwa mteremko, siku zote angalia juu, na uache gia ya kwanza imeingia. Ukiangalia chini, nduthi ikisonga mbele kidogo tu, stendi inajikunja na mashine inalala. Hapo kama kuna zingine tano zimepangwa, zitaangukiana kama domino, na mwenye deni ni wewe.

Stendi kubwa ya katikati ni poa kwa sakafu iliyo sawa na mahali pamebana, kwa sababu nduthi inasimama wima na kula nafasi ndogo. Kwa mteremko iache.

Wakati wa mvua, usipaki kwa nyasi ama udongo mweusi. Stendi huzama polepole, na ukirudi unaikuta imelala kwa tope. Jua kali nalo hulainisha lami. Suluhisho ni moja: weka kijiwe bapa ama kipande cha ubao chini ya mguu wa stendi. Wasee wa zamani hutembea nacho kwa mfuko.

Kumbuka pia ekzosti. Kwa nduthi nyingi za kazi iko kulia, na ukizima injini inabaki moto muda mrefu. Ukiweza, geuza upande huo uangalie ukuta, mbali na watoto na watu wa sketi fupi. Alama ya kuungua kwa mguu haiishi haraka.

Na kama nduthi yako ni ya kabureta, funga tap ya mafuta unapoiacha muda mrefu. Ni kugeuza kidogo tu, na inazuia petroli kuvuja.

Kuifunga: lengo ni kumchosha mwizi

Hakuna kufuli isiyovunjika. Unachonunua ni dakika. Mwizi akiona yako itachukua dakika tano na ya jirani sekunde kumi, unajua ataenda wapi.

1. *Funga usukani.* Geuza kushoto kabisa, bonyeza ufunguo, zungusha. Ni bure na bado kuna watu hawafanyi. Lakini usiiamini peke yake, kuna wanaoivunja kwa teke moja.
2. *Mnyororo upite gurudumu la nyuma na fremu*, kisha ushike kitu kisichong'oka: nguzo, reli, pete ya chuma. Ukifunga gurudumu la mbele pekee, wanalifungua na kubeba zingine.
3. *Usiache kufuli ilale chini.* Ikiguswa na sakafu, nyundo inapata mahali pa kugongea. Ivute ining'inie juu.
4. *Kufuli ya diski* ni poa kama nduthi yako ina breki ya diski. Funga kamba ya rangi kutoka hapo hadi usukani, usije ukaondoka ukasahau ukajirusha mbele ya watu.
5. *Mko wawili?* Fungeni nduthi zenu pamoja. Kubeba mbili si mchezo.

Helmeti, nenda nayo. Vioo na betri pia huibiwa, kwa hivyo paki mahali pa watu na taa, si ile kona ya giza kwa sababu iko na kivuli.

Treka ya GPS inasaidia, lakini jua mipaka yake. Ukiwa basement, zege huzuia mawimbi, na simu itakuonyesha tu mahali pa mwisho ilionekana. Basement pia zina shida ya maji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunza Nairobi kwamba mahali pa chini hujaa haraka. Mvua ikianza kushuka vibaya, panda ukaitoe.

Geti na ile mbao ya kupanda na kushuka

Usiwahi kupita umejibandika nyuma ya gari. Ile mbao huhesabu gari limepita na kushuka, na kichwa kinachofuata ni chako. Ngoja zamu yako.

Mahali pengine mbao inakataa kupanda kwa pikipiki. Mara nyingi chini ya lami kuna waya umezungushwa kama fremu, unaosikia chuma. Ukisimama katikati ya hiyo fremu, nduthi ni ndogo sana, haisikiki. Angalia mstari uliokatwa kwa lami na usimamishe magurudumu juu yake. Ikikataa, piga kengele ama mwite soja. Usijipenyeze pembeni, kamera inakuona na tikiti yako itasoma hujatoka.

Kulipa bila kuchezwa

Kwa nafasi za kaunti, lipa kwa simu kupitia njia rasmi ya kaunti, si kash kwa mkono wa mtu amevaa reflekta. Hakikisha umechagua pikipiki, si gari, na umeandika namba sawa herufi kwa herufi. Ukikosea herufi moja, umelipia mtu mwingine. Weka ile meseji mpaka jioni.

Kwa mall, usiache tikiti kwa boksi la nduthi. Tembea nayo. Mwizi akiwa na mashine na tikiti, anatoka getini akipungia soja. Piga pia picha ya nduthi na nguzo iliyo karibu. Picha ina saa, na inaonyesha uliiacha wapi na ikiwa namna gani.

Ukirudi ukute mambo yamechacha

*Imepigwa mnyororo:* usikate, usipigane. Uliza kosa ni gani, piga picha ya mahali na alama zilizo hapo, lipa kwa njia rasmi, chukua risiti. Kama ulikuwa umelipia, onyesha ile meseji.

*Imepotea:* kwanza uliza soja na wahudumu, huenda imesogezwa ama imevutwa. Kama sivyo, piga 999 ama 112, kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu upate namba ya OB. Omba picha za kamera zihifadhiwe siku hiyo hiyo, kabla hazijafutwa. Mjulishe aliyekukopesha na kampuni ya bima. Bima ya lazima, ile ya kulipa mtu uliyemuumiza, hailipi wizi. Unahitaji ile inayofidia wizi. Na kama ulikatia bima ya binafsi lakini unabeba abiria, usishangae madai yakikataliwa.

Polisi watataka namba ya chesisi na ya injini. Ya chesisi kwa kawaida imechongwa kwa shingo ya usukani, ya injini kwa ubavu wa injini. Zipige picha leo, si siku ya kilio.

Kabla hujaondoka, hesabu vidole vitano

Mahali ni halali? Hujamzibia mtu? Imesimama imara? Imefungwa kwa kitu? Picha na risiti ziko kwa simu?

Hiyo yote haifiki dakika mbili. Mwezi mzima wa kulipa mkopo wa nduthi ambayo haiko ni mrefu zaidi, wulizie wasee wa base yoyote.