Mapumziko ya Muuguzaji wa Nyumbani

Mapumziko ya muuguzaji wa nyumbani ni muda na njia anazotumia mtu anayemuuguza ndugu yake nyumbani ili kurudisha nguvu za mwili na utulivu wa moyo. Makala hii inaeleza zaidi hali ya Tanzania, bara na visiwani, ambako wazee, watu waliopata kiharusi, wenye saratani na wenye maradhi ya kusahau huuguzwa kwa kiasi kikubwa na jamaa zao, bila mshahara na bila zamu iliyoandikwa. Njia zenyewe ni nyepesi na hazigharimu sana: usingizi wa mchana, kupumua taratibu, kukaa barazani, kazi ya mikono, ibada na kutembea. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kukaa na mgonjwa wakati mwenzake anapumzika. Kwa hiyo kupokezana ndiko kunakozitangulia njia nyingine zote.

## Jina

Kitenzi *kuuguza* kina maana ya kukaa na mgonjwa na kumhudumia hadi apone au hadi mwisho wake. Neno *muuguzi* limehamia hospitalini na sasa humtaja mtaalamu mwenye mafunzo. *Mlezi* limeelemea upande wa watoto. Ndugu wa nyumbani hana cheo. Husemwa tu kwamba "anauguza", na neno hilo moja linatosha kueleza kwa nini hakuonekana harusini wala kwenye kikao cha vikoba. Salamu yake ni "pole na kuuguza", salamu yenye heshima kubwa, kwa kuwa inamtambua na yeye, si mgonjwa peke yake. Wahenga nao walishaonya kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayeutazama kwa mbali huuona mwepesi.

## Sababu za uchovu

Kazi ya kumuuguza mtu asiyeweza kujigeuza hupimwa kwa usiku wake. Mgonjwa wa kitandani hugeuzwa takriban kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia, hasa kwenye nyonga, visigino na chini ya mgongo. Anayegeuza saa 4 usiku hurudi tena saa 6, saa 8 na saa 10. Kukicha kuna shuka za kufua, uji wa kukoroga, dawa za kuhesabu na mgonjwa wa kuogesha, na mara nyingi mtu huyo huyo ana watoto wa kupeleka shule na genge la kufungua. Kumwinua mgonjwa kwa kupinda kiuno huleta maumivu ya mgongo ambayo hubaki hata baada ya mgonjwa kupona.

Uchovu wa pili ni wa moyo. Kwa mzee mwenye maradhi ya kusahau, swali moja huweza kurudi mara kumi kabla ya adhuhuri. Mama anamuuliza bintiye, "Baba yenu karudi?" Baba alizikwa miaka mingi iliyopita. Binti akijibu ukweli, mama analia kana kwamba msiba ni wa leo. Akisema "bado", swali linarudi baada ya dakika tano. Jioni binti anapandisha sauti, kisha anakwenda uani kulia kwa kujiona mkosefu. Hasira za namna hii hazitokani na ukosefu wa mapenzi. Ni dalili ya mtu aliyechoka kupita kiasi, na huanza kupungua anapolala vya kutosha.

Wageni nao, kwa nia njema kabisa, huongeza kazi. Kumjulia hali mgonjwa ni wajibu mkubwa katika jamii za Waswahili, lakini mgeni huhitaji mkeka, chai na mtu wa kuzungumza naye. Nyumba inayopata wageni watano kwa siku humfanya muuguzaji kuwa mwenyeji mara tano.

## Njia za kupumzika

### Kupokezana

Hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote. Ahadi ya "tutasaidiana", ambayo hutolewa na ndugu wote siku ya kikao cha ukoo, haimpumzishi mtu, kwa sababu haina siku wala saa. Zamu inayofaa huwa na vitu vitatu: jina la anayeingia, siku, na saa ya kuanza na kumaliza. Kwa mfano, shangazi anaingia kila Jumamosi saa 3 asubuhi na kutoka saa 9 alasiri. Muuguzaji akiijua saa hiyo tangu Jumatano, huanza kupata nafuu kabla Jumamosi haijafika.

Wengi hawaachi zamu kwa kuhofia kwamba mwenzao hatajua la kufanya. Dawa ya hofu hiyo ni daftari la kawaida la shule, linalowekwa karibu na kitanda. Huandikwa jina la kila dawa na saa yake, mara ya mwisho mgonjwa alipogeuzwa na upande aliolalia, alichokula, alichokataa, na namba ya simu ya kupiga akizidiwa. Baada ya wiki mbili daftari hilo huwa limeshika mengi yaliyokuwa kichwani mwa mtu mmoja, na yeyote mwenye kusoma anaweza kuingia zamu.

Ndugu aliye mbali, awe Dar es Salaam au Muscat, hutuma pesa kwa simu. Pesa hizo huleta mapumziko zinapogeuzwa kuwa saa: kumlipa dada wa kufua mara mbili kwa wiki, au kijana mwenye nguvu wa kusaidia kumwogesha mgonjwa. Wanaume wa nyumba mara nyingi huachwa nje ya zamu kwa sababu ya stara ya mgonjwa wa kike, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Lakini kuchota maji, kufuata dawa na kukesha nje ya chumba usiku hakuvunji stara ya mtu.

Mgeni pia anaweza kushika zamu. Jirani anayesema "nenda ukalale, mimi nipo mpaka alasiri, na chai nitajipikia" ametoa zawadi kubwa kuliko kilo ya sukari.

### Usingizi

Usingizi mfupi wa mchana, unaoitwa *kailula* miongoni mwa Waislamu wa pwani, ni desturi ya zamani inayomfaa sana muuguzaji. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Zikizidi, mtu huingia katika usingizi mzito na kuamka na kichwa kizito. Wakati wake mzuri ni baada ya mgonjwa kula na kugeuzwa. Vyombo vinaweza kungoja. Usiku, mtu mwingine akibeba mgeuzo mmoja tu, ule wa saa 6, muuguzaji anaweza kulala karibu saa 4 mfululizo, na tofauti huonekana asubuhi yake.

### Pumzi na mwili

Kupumua taratibu hufanyika hata chumbani kwa mgonjwa. Mtu hukaa, akakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, akavuta hewa kwa pua kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6. Pumzi ya kutoka inapokuwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua kasi. Dakika tano za kungoja maji ya uji yachemke zinatosha.

Njia ya kukaza na kulegeza misuli ilielezwa na tabibu wa Marekani Edmund Jacobson katika kitabu chake cha mwaka 1929. Mtu hukunja ngumi kwa sekunde chache, akaachia, kisha akapanda hivyo hivyo mikononi, mabegani, usoni na kushuka hadi miguuni. Mabega ndiyo yanayosahaulika, na ndiyo yanayobeba.

Kuukinga mgongo ni sehemu ya mapumziko. Shuka nzito au khanga iliyokunjwa mara mbili hutandikwa chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili huishika pande zote mbili, wakapinda magoti badala ya kiuno, na kumvuta pamoja kwa hesabu.

### Baraza na kazi ya mikono

Kukaa barazani jioni humrudisha muuguzaji kwenye mazungumzo yasiyohusu maradhi. Wanawake wa pwani huchanganya maongezi na kazi ya mikono, kama kusuka ukili wa mikeka au kushona kofia. Kazi hizi zinamfaa anayeuguza kwa sababu zinaweza kuachwa wakati wowote: mgonjwa akiita, ukili huwekwa chini, na ukirudiwa hukutwa pale pale ulipoishia.

Wazo la benchi na mama mtu mzima wa kusikiliza limefanyiwa kazi kitaalamu nchini Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mjini Harare mwaka 2006 mpango wa benchi za urafiki, ambapo kina bibi waliopewa mafunzo hukaa na mtu na kumsaidia kupanga tatizo moja moja. Matokeo ya majaribio yaliyohusisha watu 573 yalichapishwa mwaka 2016 na yalikuwa mazuri. Mpango huo umefika pia Zanzibar.

### Ibada

Sala, nyiradi na rozari hutuliza kwa maneno yanayorudiwa na kwa kumkumbusha mtu kwamba kuuguza ni thawabu. Imamu au katekista anayesema wazi kwamba kupumzika si dhambi huwasaidia wengi.

### Nyinginezo

Kupunga upepo ufukweni, taarabu redioni, kumwagilia bustani.

## Mapumziko ya uongo

Kuperuzi simu hadi usiku wa manane hula saa chache za usingizi zilizobaki. Vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa duka la dawa bila ushauri wa daktari ni hatari maradufu: mwili huvizoea, na aliyevimeza huenda asisikie mgonjwa akiita.

## Dalili za kutafuta msaada

Muuguzaji anapaswa kwenda kituo cha afya akiwa na huzuni isiyoondoka kwa zaidi ya wiki mbili, akiacha kumeza dawa zake mwenyewe za presha au sukari, au akipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mgonjwa. Hili la mwisho halingoji kesho.

## Utafiti

Mwaka 1980 Steven Zarit na wenzake nchini Marekani walitunga kipimo cha mzigo wa muuguzaji. Toleo linalotumika zaidi lina maswali 22 na alama 0 hadi 88. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walilinganisha wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu wenye demensia, yaani maradhi ya kusahau, na wengine 13 wasiouguza. Kidonda kidogo cha ngozi kilichukua wastani wa siku 48.7 kupona kwa wanaouguza, na siku 39.3 kwa wenzao. Mwaka 1999 Richard Schulz na Scott Beach walionyesha kwamba wazee wenye kuuguza wenzi wao na kuelemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wasiouguza, katika muda wa miaka 4.

Nchini Tanzania, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro ndiyo iliyochunguzwa zaidi kuhusu demensia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi.

## Historia

Kuuguza nyumbani kulipata sura mpya wakati wa Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye Ukimwi, mwaka 1987, mwaka ambao mume wa Kaleeba alifariki kwa ugonjwa huo. Hospisi ya Nairobi, kituo cha kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ilifuata mwaka 1990 na Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Huduma hizi zilizoea kumtembelea mgonjwa kitandani kwake, na hapo zikamkuta pia anayemuuguza.

## Sheria na hali ya sasa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake. Kwa mzazi, mwenzi, ndugu, babu au bibi, likizo hiyo hutolewa kwa kifo. Kwa hiyo anayemuuguza mama yake mara nyingi hutumia likizo ya mwaka, ambayo kisheria ni ya kupumzika yeye.

Zanzibar ilianza mwaka 2016 kulipa pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Tarehe 29 Oktoba ni siku ya kimataifa ya matunzo, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2023. Hata hivyo, jumuiya ndogondogo za Kikristo na vikundi vya kina mama wa mtaa bado ndivyo vinavyobisha hodi mara nyingi zaidi kwa anayeuguza, na baadhi ya wanaobisha hukubali kubaki na mgonjwa hadi alasiri.