Uzazi wa Mbung'o

Mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyomwita, ni nzi mfyonza damu anayeeneza nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Katika wilaya za Biharamulo na Ngara maficho yake ni misitu na vichaka vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019 kutokana na mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipomaliza ng'ombe, malisho yaligeuka vichaka na mbung'o akasonga mbele.

Mbung'o hatagi, huzaa. Jike hushusha yai moja tu kwa zamu, nalo huanguliwa ndani ya mji wa mimba. Buu hunyonya humo humo maziwa ya tezi maalumu, yaliyojaa mafuta na protini. Yote hayo hutokana na damu, kwani mbung'o hali kingine. Vitamini zinazopungua humo hutengenezwa na bakteria wanaoishi mwilini mwake. Baada ya siku 9 au 10 huzaliwa buu mwenye uzito unaokaribia ule wa mama, akajichimbia udongoni penye kivuli na kuwa pupa. Nzi kamili hutoka baada ya mwezi hivi, na penye baridi hukawia.

Ovari zake mbili hupokezana, na ya kulia ndiyo huanza. Kwa utaratibu huo mtafiti akimpasua jike hukadiria umri wake. Si udadisi wa bure: vimelea vya nagana na malale huhitaji muda kukomaa ndani ya nzi, hivyo nzi wazee ndio wa kuogopwa.

Profesa Thomas Odhiambo wa Kenya, mwanafiziolojia wa wadudu aliyeanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi mwaka 1970, alichunguza kinachoamuru yai lishuke katika Glossina pallidipes, spishi iliyoenea Afrika Mashariki. Tafiti za miaka ile zilionyesha kwamba kupandwa ndiko huchochea yai kushuka. Jike asiyepandwa mara nyingi hubaki nalo ndani ya ovari. Tena kwa kawaida hupandwa mara moja, akahifadhi manii maisha yake yote. Udhaifu huo ndio uliotumiwa Unguja: madume waliofanywa tasa kwa mionzi waliachiwa kwa mamilioni, na mbung'o wa mwisho wa porini akanaswa mwaka 1996.

Biharamulo si kisiwa kama Unguja. Nzi wapya watatoka hifadhini daima. Hata hivyo, kiumbe anayezaa mmoja mmoja hajazi pengo upesi. Wakiuawa majike wanne hivi katika kila mia, kila siku bila kukoma, idadi yao huporomoka. Kwa hiyo mitego ya vitambaa vya buluu na nyeusi isiondolewe nzi wakipungua, na mfugaji mwenye dawa kidogo aipake miguuni na tumboni mwa ng'ombe wakubwa, maana huko ndiko mbung'o wengi hutua.