Kiasi, Fataki na Ganda: Habari za Risasi Zilizokwisha Kupigwa

Katika vitabu vya msamiati vilivyotungwa na wamisionari wa Unguja na Mombasa katika karne ya 19, neno kiasi lina maana moja ambayo leo haisikiki tena. Kiasi cha bunduki kilikuwa ni ule mzigo mmoja wa baruti na risasi utoshao kupiga mara moja. Msemaji wa leo hatakuelewa ukimwomba viasi kumi vya bunduki. Kwake yeye kitu kile kizima, shaba na baruti na vyote vilivyomo, ni risasi. Lakini risasi, kama tujuavyo, ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini ya risasi tu, yaani ile ncha iendayo mbali ikaumiza. Sehemu moja imelichukua jina la kitu chote, na neno lililotaja kipimo limesahauliwa. Nadhani mabadiliko haya si ya lugha peke yake. Yamefuata mabadiliko ya mikono iliyokuwa ikipima.

Mwenye gobori alikuwa mpimaji wake mwenyewe. Alimimina baruti kutoka katika pembe, akatia kizibo, akatia risasi ya duara au marisau, akashindilia kwa mdeki, na mwisho akaweka fataki mahali pake. Kila kimoja katika vitu hivyo alikinunua mbali mbali, au alikitengeneza nyumbani, maana risasi huyeyuka upesi katika moto wa kuni. Akikosa risasi aliweza kutia vipande vya chuma au hata changarawe. Alipokwisha kupiga, hakikubaki kitu cha kuokota.

Ganda la shaba ndilo lililoyageuza mambo. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Ulaya na Marekani walikwisha kupata njia ya kuvikusanya vitu vyote vinne, yaani baruti, fataki, risasi na kizibo, katika chombo kimoja kinachotiwa kwa nyuma ya bunduki. Shaba hiyo si ile nyekundu, bali ni ya manjano, iliyochanganywa, kwa kawaida, mafungu 70 ya shaba nyekundu na mafungu 30 ya zinki. Sifa yake ni kwamba baruti iwakapo hutanuka ikaziba nafasi yote, moshi na moto visimrudie mpigaji usoni, kisha hunywea kidogo, hata ganda likaweza kuvutwa nje. Na hapo pana ajabu: kitu kilicho ghali kuliko vyote katika risasi, na kigumu kuliko vyote kutengenezwa bila mitambo mikubwa, ndicho kinachobaki mkononi baada ya kupiga. Wawindaji wa nyati katika nyanda za Marekani, katika miaka ya 1870, walilijua jambo hilo vema. Waliokota maganda yao, na jioni wakayajaza upya kambini.

Kuyajaza si kazi ngumu. Kazi ni kuyachagua. Kwanza hutengwa kwa kipimo cha bunduki, maana ganda la bunduki moja halifai kwa nyingine hata kama macho hayaoni tofauti. Kisha hugeuzwa kitako juu, kwa kuwa hapo kiwanda kimepiga chapa yake, na katika maganda ya jeshi la Kijerumani mwezi na mwaka pia. Maganda ya kiwanda kimoja yana unene mmoja. Yakichanganywa na ya kiwanda kingine, baruti ile ile itatoa nguvu mbali mbali. Baadaye hutazamwa shingo. Shaba hukakamaa kila ipigwapo, na ganda lililotumika mara nyingi hupasuka ufa mwembamba mdomoni. Fundi huweza kulirudishia ulaini kwa kulipasha moto shingoni tu, wala si kitakoni, maana kitako kikilainika mpigaji yu hatarini. Tena shaba haina tabia ya chuma cha pua: ukiitia katika maji ingali moto haigeuki kuwa ngumu.

Hata maganda yasiyopigwa yaweza kupasuka. Waingereza waliona huko Bara Hindi kwamba risasi zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka wakati wa masika, wakaliita jambo hilo ugonjwa wa majira. Ilikuwa mwaka 1921 ndipo wataalamu walipoeleza kwamba sababu yake ni hewa ya amonia itokayo katika mkojo wa wanyama, ikikutana na shaba iliyoachwa na mkazo ndani yake.

Linabaki suala la fataki. Mwingereza Boxer na Mmarekani Berdan walitoa, kila mmoja, namna yake katika mwaka ule ule wa 1866. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, na fataki iliyokwisha kuwaka husukumwa nje kwa sindano ipitayo mdomoni. La Berdan lina vitundu viwili vidogo pembeni, wala sindano haipiti. Fataki yake yapasa kung'olewa kwa nje. Kwa kioja cha historia, namna ya Mwingereza ilienea Marekani, na ya Mmarekani ikapendwa na majeshi mengi ya Ulaya, la Kijerumani likiwa miongoni mwao. Hivyo maganda yaliyoletwa Tanganyika na Wajerumani yalikuwa ya aina isiyokubali kujazwa kwa urahisi.

Watu wa nchi hawakuachiwa nafasi ya kujifunza kazi hiyo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza kuingizwa kwa silaha na risasi katika sehemu yote ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Waliruhusu, kwa masharti ya ghala na vibali, bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Maana yake ni hii: mwenyeji aliachiwa kiasi, na ganda likawa mali ya serikali. Wengi wamekwisha kuandika habari za mkataba ule kwa upande wa utumwa, ambao ndio uliokuwa shabaha yake iliyotangazwa. Lakini ndio pia uliozigawa bunduki za nchi hizi katika madaraja mawili, na waliopigana Maji Maji mwaka 1905 wakiwa na magobori waliuona mgawanyo huo kwa macho yao.

Vita Kuu ya 1914 iliwafanya wenye maganda nao wawe maskini. Makampuni mengi ya askari wa Kijerumani yalikuwa yangali na bunduki ya mwaka 1871, itoayo moshi mwingi. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, von Lettow-Vorbeck aliteka risasi 600,000 za Waingereza. Lakini katika mapigano ya Yasini, mpakani karibu na Vanga, Januari 1915, majeshi yake yalipiga risasi 200,000, naye akahesabu kwamba kwa akiba iliyobaki angaliweza kupigana vita vitatu tu kama vile. Hesabu hiyo ndiyo iliyomgeuza kuwa mpiganaji wa kuvizia na kukimbia, mambo ambayo baadaye alisifiwa nayo kana kwamba aliyachagua kwa hiari.

Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilifika katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Nahodha wake Christiansen aliizamisha penye maji haba, na Waingereza walipoiona inawaka moto wakadhani imekwisha. Shehena yake ilitolewa majini baadaye, na ndani yake mlikuwa na risasi nyingi sana. Ila maji ya bahari yalikuwa yamezipenya. Hapo ndipo ilipofanyika katika nchi yetu, na kwa kadiri kubwa, kazi ninayoieleza: risasi zilifunguliwa moja moja, baruti ikasafishwa, fataki zilizoharibika zikabadilishwa kwa zilizopatikana humu humu nchini, na vyote vikafungwa tena. Kisha zikajaribiwa na kutengwa: zilizolia vizuri zikawekwa kwa vita, na zilizokataa mara nyingi zikatumiwa kwa mazoezi. Hii ni kazi ya vidole, si ya mitambo. Katika kitabu chake cha mwaka 1920 von Lettow anaieleza, lakini wenye vidole hivyo hakuwataja kwa majina.

Pamoja na hayo, ganda lilikuwa na mshindani. Mwaka 1916, fedha zilipokosekana, serikali ya Kijerumani iliweka karakana ya sarafu huko Tabora, na shaba ya sarafu za heller 20 na heller 5 ilitoka katika mabaki yaliyokusanywa, maganda ya mizinga yakiwamo. Ganda lililokuwa sarafu halikurudi tena kuwa risasi. Na bunduki isiyo na maganda haina maana: baada ya kuvuka Ruvuma Novemba 1917 na kuwapiga Wareno huko Ngomano, majeshi yale yaliteka bunduki na risasi zao, na ile ya 1871 ikaachwa njiani.

Turudi kwa maneno. Fataki, lililokuwa jina la kidude kile cha kuwasha, sasa ni la baruti za sherehe, na katika redio za Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 2000, likawa jina la mzee anayewarubuni wasichana wa shule. Mdeki na marisau vinafahamika kwa wachache. Ganda la risasi, kwa upande mwingine, ni neno la Kibantu tupu, lile lile la ndizi na la yai, nalo limeshika mahali pake bila kuazima, kwa sababu mwenye kulitoa alikuwa akiangalia kilichobaki, si alichonunua. Polisi na waandishi wa habari hulitumia kila siku.

Maganda ya vita vile yangali yanaokotwa katika vilima vya Taita na Salaita. Huko Marekani, katika uwanja wa mapigano ya Little Bighorn ya mwaka 1876, wachunguzi waliyatenga maganda waliyoyafukua mwaka 1984 na 1985 kwa alama ya sindano iliyopiga fataki, hata wakaweza kufuata nyendo za bunduki moja moja uwanjani. Ganda lililohamishwa bila kuandikwa mahali lilipolala haliwezi kueleza jambo hilo. Basi wasomaji wetu wa Taveta, Voi na Lindi watakaoyakuta wangefanya vema kuyaacha yalipo, na kutuandikia wazee wa huko huyaitaje.