Sahani Chini ya Kawa

Nilipokuwa mtoto Kibiti, kazi yangu ya Ijumaa ilikuwa kupeleka sahani. Bibi alipakua wali wa nazi na samaki, akafunika kwa kawa la ukindu, kisha akanipa onyo lile lile: "Usichungulie. Na usiseme tumekuletea chakula. Sema bibi anakusalimu." Sahani ilikuwa ya mwalimu wa chuo. Hakuwa na shamba wala mshahara. Alikuwa na Kurani kifuani na watoto barazani, na kila nyumba ilijua siku yake ya kumpikia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi Dar es Salaam, nilikutana na sahani ile mahali nisipopatarajia: hekalu la Wabudha, Upanga. Familia moja ilishusha masufuria ya wali, dengu na mboga. Mtawa aliyejitanda shuka la rangi ya manjano alikaa kimya mbele ya chakula, hakugusa kitu mpaka alipokabidhiwa mkononi. Ilikuwa yapata saa tano. Saa sita ikipita, niliambiwa, hali tena hadi kesho.

Hekalu lile ni la zamani kuliko uhuru wetu. Liliasisiwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, wakaja kufanya kazi katika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 20. Walikuja na dini yao, na dini hiyo ilikuja na mzigo wa jikoni. Mtawa wa mapokeo ya Theravada halimi, hapiki, wala haweki chakula cha kesho. Neno bhikkhu, analoitwa kwa Kipali, linahusiana na kuomba. Ukilitazama haraka utasema ni uvivu uliopewa baraka. Lakini kanuni hiyo inambana yeye kuliko inavyombana mpishi: mtawa hawezi kujitenga na watu hata siku moja, na watu wasiporidhika naye, jiko lao litamjulisha.

Pasipo na wapishi wanaoijua desturi hiyo, bakuli la mtawa ni chombo tu. Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyepewa utawa Marekani mwaka 2002 na kuanzisha Kituo cha Wabudha cha Uganda mwaka 2005, amesimulia kwamba nyumbani kwao wapo waliodhani bakuli lake ni ngoma.

Sahani hiyo inalisha nini hasa? Wasinhala wana jibu la kale. Kwa karne kadhaa mafundisho ya Budha yaliishi vichwani mwa watawa, wakiyakariri na kurithishana. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, vita na njaa kali vikaipiga Sri Lanka. Majiko yakazimika, watawa wakafa au wakakimbia, na kila aliyekufa aliondoka na sehemu ya maandiko. Mapokeo yanasema ndipo waliobaki wakakusanyika Aluvihara na kuyaandika juu ya majani ya mtende. Kitabu kilizaliwa kwa sababu sahani ilikosekana.

Niliposoma hayo nilifikiria Rufiji. Mwaka 1904 na 1905 watu walimiminika Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kutafuta maji ya dawa. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha kuwaka. Risasi pekee hazikuvizima. Majeshi ya kikoloni yalichoma maghala na mashamba, njaa ikafuata, na wapo wanahistoria wanaokadiria vifo kati ya 250,000 na 300,000. Tunahesabu watu. Hatuhesabu nasaba, dawa na nyimbo walizokufa nazo wazee ambao hakuna aliyebaki na chakula cha kuwapelekea. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walipozunguka mwaka 1968 kukusanya masimulizi ya vita hivyo, walikuwa wakiokota kilichosalia baada ya njaa ile.

Kwetu njaa haikurudi kwa namna hiyo. Ilikuja hofu. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa risasi wilayani Kibiti, na viongozi wa vijiji waliendelea kuuawa mmoja baada ya mwingine. Wapo watu waliotoweka. Mgeni akawa swali, na aliyempa mgeni chakula akawa swali la pili. Mwalimu wetu, ambaye hakuzaliwa Kibiti, aliondoka usiku bila kuaga. Simlaumu. Ijumaa tatu mfululizo bibi alipakua sahani yake, akaifunika, na jioni tukaila sisi wenyewe bila kusemezana. Ya nne hakupakua. Mimi nilikuwa nimefika juzuu ya tano. Leo nikijaribu kuisoma kwa moyo, nakwama katikati.

Bibi ametangulia. Kawa lake bado limetundikwa ukutani, ukindu umepauka. Mwaka jana nilikwenda nyumbani nikakuta chuo kimefunguliwa tena, na kijana mmoja anafundisha katika baraza lile lile. Nikamuuliza jirani kama zamu za kumpikia zimeshagawanywa.

"Zote, mjukuu wangu," akasema. "Isipokuwa Ijumaa. Ile ni ya bibi yako."