Tope la maziwa lafichua ukame wa karne zilizopita

Kati ya vuli ya mwaka 2020 na vuli ya mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo kaskazini mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia bila mvua ya kutosha. Mifugo kwa mamilioni ilikufa, na wataalamu wa hali ya hewa walieleza kuwa ukame wa namna hiyo haukuwa umeonekana kwa miaka 40.

Kauli hiyo ni ya kweli, lakini ina mpaka wake. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki vipimo vya mvua vilianza kuwekwa mwishoni mwa karne ya 19, na kwingine baadaye sana. Anayetaka kujua kama ukame wa miaka 60 au 80 unaweza kutokea hawezi kupata jibu katika madaftari ya vituo vya hali ya hewa, kwa kuwa madaftari yenyewe hayana umri wa kutosha.

Kumbukumbu ndefu zaidi imo chini ya maziwa. Kila mwaka mito huingiza ziwani udongo na majani, upepo huleta vumbi, chavua za maua na chembe za mkaa wa mioto ya nyika, na viumbe waishio majini hufa na kuzama. Vyote hivyo hutuama, tabaka juu ya tabaka. Pasipo mawimbi wala jembe la kuyavuruga, matabaka hayo hukaa kwa mpangilio wake: la chini daima ni la kale kuliko lililo juu yake.

Ili kuyapata, watafiti huweka chelezo juu ya maji, huteremsha bomba refu hadi kwenye sakafu ya ziwa na kulizamisha topeni. Linapovutwa juu, ndani yake huwa mna mche mrefu wa tope, mfano wa mche wa sabuni ambao haujakatwa vipande. Mche huo hupasuliwa kwa urefu. Nusu moja huwekwa akiba katika chumba cha baridi na nyingine hukatwa vipande vyembamba vya kupelekwa maabara.

Akiba hiyo mara nyingi huwa mbali na ziwa lenyewe. Mche uliochimbwa mwaka 2005 katika Ziwa Nyasa, uliofika mita 380 hivi chini ya sakafu ya ziwa, ulihifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Si jambo dogo kwa kijana wa Mbeya au Lilongwe anayetaka kuusoma.

Umri wa matabaka hupimwa kwa njia kadhaa. Kwa yale ya miaka 150 hivi iliyopita hutumika risasi-210, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22. Kwa yaliyo ya kale zaidi hutumika kaboni-14, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 na hufaa kwa vitu vya hadi miaka 50,000 hivi. Zaidi ya hapo msaada mkubwa ni majivu ya volkano yaliyoangukia ziwani, ambayo umri wake unaweza kupimwa.

Uchunguzi uliofungua macho ya wengi katika eneo hili ulifanyika Ziwa Naivasha nchini Kenya. Mtafiti wa Ubelgiji, Dirk Verschuren, na wenzake wawili, Kathleen Laird na Brian Cumming, walichukua mche wa tope kutoka sehemu yenye kina kirefu ya ziwa hilo, ndani ya kasoko ya volkano iliyozama nusu, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000 katika jarida la Nature. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu nzuri. Ziwa kuu ni la kina kifupi, na tope lake huweza kukauka na kuvurugwa maji yanapopungua sana. Ndani ya kasoko maji hubaki.

Watafiti hao walitegemea mashahidi wadogo mno. Wa kwanza ni diatomu, mwani usioonekana bila darubini, ambao una ganda gumu la silika lisilooza. Wa pili ni viluwiluwi vya wadudu wa ziwani wanaofanana na mbu, ambavyo ganda la kichwa hudumu topeni kwa karne nyingi. Kila aina ina maji inayoyapenda. Mvua zikipungua, ziwa hushuka na chumvi yake hukolea. Aina za maji matamu hutoweka na zile zinazostahimili chumvi huchukua nafasi yake. Kwa kuhesabu maganda hayo tabaka kwa tabaka, inawezekana kukadiria ziwa lilikuwa na chumvi kiasi gani na, kwa hiyo, maji yalikuwa kwenye kimo gani.

Matokeo yalirudi nyuma miaka 1,100. Kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi, eneo hilo lilikuwa kavu kuliko lilivyo leo. Kuanzia hapo hadi kama mwaka 1850 mvua zilikuwa nzuri kwa ujumla, ila zilikatizwa na vipindi vitatu vya ukame: kati ya 1390 na 1420, kati ya 1560 na 1625, na kati ya 1760 na 1840. Vipindi hivyo vyote vitatu vilikuwa vikali kuliko ukame wowote uliorekodiwa katika karne ya 20.

Miaka 80 ni muda wa mtu kuzaliwa, kuzeeka na kufa bila kuliona ziwa likijaa. Verschuren na wenzake walilinganisha tarehe hizo na masimulizi ya wazee wa makabila ya eneo hili, ambayo wanahistoria walikuwa wameyakadiria umri kwa kuhesabu vizazi. Nyakati za njaa, vita na kuhama zinazotajwa katika masimulizi hayo zilielekea kuangukia katika vipindi vya ukame vilivyosomwa topeni, na nyakati za neema katika vipindi vya mvua. Wale waliozoea kuyadharau masimulizi ya wazee wakiyaita hekaya walikuwa na sababu ya kufikiri upya.

Naivasha, hata hivyo, si Afrika Mashariki yote. Mche wa tope kutoka Ziwa Edward, lililo mpakani mwa Uganda na Kongo, unaonyesha ukame wa muda mrefu kati ya mwaka 1400 na 1750, wakati ambapo Naivasha kwa sehemu kubwa ilikuwa imejaa. Mashariki palinyesha, magharibi pakakauka. Ndiyo maana ziwa moja halitoshi kuwa shahidi wa kanda nzima.

Tope haliandiki habari za mvua pekee. Huandika pia habari za viumbe. Katika Ziwa Tanganyika, ambalo dagaa na migebuka wake hulisha watu wa nchi nne, kumekuwa na swali la nani alaumiwe kwa kupungua kwa samaki. Wavuvi wengi na nyavu zenye macho madogo ndio hutajwa kwanza. Mwaka 2016 Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walichapisha uchunguzi wa matabaka yenye mabaki ya samaki, konokono na mwani. Waligundua kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua kadiri maji yalivyozidi kupata joto, na kwamba hali hiyo ilianza kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaingia ziwani katikati ya karne ya 20.

Sababu yake inaeleweka. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na kuelea juu ya maji baridi ya kilindini bila kuchanganyika nayo. Virutubisho hubaki chini, mwani hukosa chakula, na dagaa wanaotegemea wadudu walao mwani hupungua. Uchunguzi huo haumtoi mvuvi hatiani, kwani samaki wanaopungua wakivuliwa bila kipimo huisha upesi zaidi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa ziwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane. Hatua hiyo yaweza kupunguza nyavu, lakini haiwezi kupoza maji.

Mjadala mkali zaidi kwa sasa unatokana na ziwa dogo la Challa, lililomo ndani ya kasoko chini ya miteremko ya mashariki ya Mlima Kilimanjaro, Taveta ikiwa upande mmoja na Rombo upande wa pili. Maji yake yana kina cha mita 90 hivi, na chini kabisa hakuna oksijeni wala kiumbe wa kuvuruga tope. Kwa hiyo kila mwaka hubaki na alama yake: utepe mweupe wa maganda ya diatomu kutoka msimu wa kiangazi wenye upepo, na utepe mweusi kutoka msimu wa mvua. Mwaka 2016 watafiti wa kimataifa walichimba hapo zaidi ya mita 200 za tope, kumbukumbu ya takriban miaka 250,000.

Umuhimu wake unatokana na kitendawili kinachowasumbua wataalamu. Mifano mingi ya kompyuta hutabiri kwamba dunia ikipata joto, Afrika Mashariki itapata mvua zaidi. Lakini mvua za masika katika miongo iliyofuata miaka ya 1980 zilionyesha kupungua. Mwaka 2023 kundi la watafiti wa Challa lilichapisha historia ya joto na unyevu ya miaka 75,000, iliyosomwa kutokana na mafuta ya bakteria ambayo muundo wake hubadilika kulingana na joto, pamoja na alama za kupanda na kushuka kwa maji ya ziwa. Katika enzi ya barafu, joto lilipoongezeka unyevu nao uliongezeka, kama mifano inavyodai. Lakini katika miaka 11,700 hivi iliyopita uhusiano huo uligeuka: joto lilipopanda, nchi ilikauka.

Maelezo ya watafiti hao ni kwamba dunia ikishapita kiwango fulani cha joto, maji yanayofyonzwa na jua huzidi yale yanayoletwa na mvua. Mfanyabiashara mwenye mapato makubwa na matumizi makubwa zaidi anaielewa hesabu hiyo. Inawezekana basi mvua ikaongezeka kidogo, kama kompyuta zinavyosema, na bado malambo ya Taita na visima vya Wajir vikakauka mapema kuliko zamani.